Ukifika Toulouse, Panda Treni Ndogo

Karibu kila mtu anayeniomba ushauri wa safari ya Ufaransa huja na orodha ile ile: mnara wa Eiffel, Louvre, halafu siku ya maduka. Sina ugomvi na Paris. Ila kama una siku nne au tano za ziada, nakusihi ushuke kusini-magharibi hadi Toulouse, kisha upande treni za mkoa ziitwazo TER, uende miji mitatu ambayo mimi nimeirudia zaidi ya mara moja: Albi, Figeac na Cahors. Na ukifika, lala. Safari yangu ya kwanza ya Albi nilikwenda asubuhi nikarudi jioni, na hadi leo najutia, kwa sababu niliondoka saa ile ile ambayo mji unaanza kupendeza.

Albi iko mwendo wa saa moja hivi kutoka Toulouse. Mji mzima ni wa matofali ya kuchoma: nyumba, daraja, na kanisa kuu la Mtakatifu Sesilia, ambalo ukiliona kwa mbali utadhani ni ngome. Ndivyo walivyotaka. Eneo hili lilikuwa na Wakathari, Wakristo ambao Papa aliwahesabu kuwa wazushi, na vita vilivyopiganwa dhidi yao kati ya 1209 na 1229 vilichukua jina la mji huu. Mwaka 1282 askofu akaanza kujenga kanisa ambalo lingemkumbusha kila mpita njia nani mwenye nguvu. Kuta zimepanda juu wima, madirisha ni membamba kama ya boma.

Sasa ingia ndani. Nje kuna tofali tupu, ndani hakuna pa kuweka kidole pasipo na rangi. Nenda ukutani kwenye picha kubwa ya Siku ya Hukumu, ya mwishoni mwa karne ya 15, na uipe muda wako. Chini kabisa wametengwa wenye dhambi, kila kundi na adhabu yake: wenye kiburi, walafi, wachoyo. Kisha inua macho katikati. Pana uwazi. Mwaka 1693 walitoboa ukuta ili kufungua njia ya kikanisa kidogo cha nyuma, na sehemu aliyokuwapo Kristo ikapotea. Wafu wamefufuka, vitabu vyao vimefunguliwa, na Hakimu hayupo. Nilikaa pale karibu nusu saa.

Jirani yake ni jumba la zamani la maaskofu, ambalo leo ni makumbusho ya mchoraji Toulouse-Lautrec, mzaliwa wa Albi wa mwaka 1864. Mama yake ndiye aliyehakikisha kazi za mwanawe zinarudi nyumbani. Ukitoka, teremka mtoni, uvuke hadi ng'ambo, na ungoje jua lishuke. Matofali yatatoka waridi yawe mekundu, na maji ya mto Tarn yatayarudisha yote mara ya pili. Hiyo ndiyo saa niliyoikosa.

Kabla hujaendelea, kuna mambo machache ya kukuokolea siku. Kwanza salamu. Mara moja niliingia kwenye duka la mikate nikauliza bei moja kwa moja. Mama muuzaji akanitazama, akanyamaza kidogo, akasema "Bonjour" kwa uzito. Nikaelewa: kule, "bonjour" ndiyo hodi yao. Mtu haingii akaanza kudai kabla hajabisha. Tangu siku ile natanguliza salamu hata kwa dereva wa basi, na watu wanafunguka. La pili ni chakula: migahawa ya miji hii hupika chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa nane, basi. Ukifika saa tisa na njaa yako, utaishia kununua mkate. Na Jumatatu maduka na makumbusho mengi huwa yamefungwa, Jumapili usafiri huwa haba, kwa hiyo panga kuwapo Jumamosi.

Jumamosi hiyo ipeleke Figeac, saa mbili na ushee kwa treni kutoka Toulouse. Ni siku ya gulio, na vichochoro hujaa mboga, jozi (walnuts), na vijibini vidogo vya maziwa ya mbuzi viitwavyo rocamadour. Lakini mimi Figeac hunivuta kwa sababu ya herufi. Hapa ndipo alipozaliwa Jean-François Champollion mwaka 1790, mtu ambaye mwaka 1822 alifungua siri ya maandishi ya picha ya Misri ya kale, kwa kutumia Jiwe la Rosetta, lenye tangazo moja lililochongwa kwa maandishi ya namna tatu. Nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho ya maandishi ya dunia, na ukuta wake wa mbele umetobolewa herufi za mataifa mbalimbali, jua likipita ndani yake.

Nyuma yake kuna kiwanja kidogo kilichozungukwa na nyumba za enzi za kati. Sakafu yake ni nakala kubwa mno ya Jiwe la Rosetta, kazi ya msanii Joseph Kosuth, ya granaiti nyeusi kutoka Zimbabwe. Unaruhusiwa kutembea juu yake. Sisi ambao tenzi za babu zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na leo wengi wetu hatuwezi kuzisoma, tuna sababu yetu wenyewe ya kusimama pale. Niliwaza miswada iliyolala masandukuni Pwani, ikingoja wenye kuisoma.

Chakula: tafuta aligot, viazi vilivyopondwa na kusongwa kwa mwiko pamoja na jibini mbichi na kitunguu saumu hadi vivutike kama utepe. Mtu aliyezoea kusonga ugali ataheshimu mkono wa mpishi. Huletwa mara nyingi na soseji ya nguruwe, na vipande vya nguruwe hujificha hata kwenye saladi, kwa hiyo kama huli sema mapema "sans porc". Maji ya jagi ni bure, omba "une carafe d'eau".

Cahors nenda kwa ajili ya daraja la Valentré, lililoanza kujengwa mwaka 1308, lenye minara mitatu. Kazi ilichukua miaka mingi mno, na watu wakasimulia kwamba fundi mkuu aliahidi roho yake kwa Shetani, mradi atimize kila agizo lake hadi kazi iishe. Daraja lilipokaribia kukamilika, fundi akamtuma Shetani awachotee mafundi maji kwa chekecheke. Shetani akashindwa, roho ikapona, na kwa hasira akawa kila usiku anang'oa jiwe la kona ya mnara wa katikati. Mwaka 1879, daraja lilipokarabatiwa, msanifu aliweka pale kishetani cha jiwe. Tembea polepole, utazame juu ya mnara huo: utamwona amekumbatia kona, vidole vimenasa kati ya mawe.