Mama alikatwa doa la kisigino, sasa ni utumbo

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana miaka 61, miaka mitatu nyuma alikatwa doa jeusi kisiginoni likaonekana ni melanoma, yaani kansa ya ngozi, kidonda kikapona tukasahau kabisa. Sasa anaishiwa damu, kaongezewa chupa tatu, choo cheusi kama lami, tumbo linamkata linaacha linarudi, tumemaliza dawa za vidonda vya tumbo hamna kitu. Siti skani imeonyesha kipande cha utumbo mwembamba kimejichomeka ndani ya kipande kingine na kuna uvimbe. Daktari anataka kupasua ila ndugu wanasema kansa ikiguswa kisu ndo inasambaa. Tufanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba dada, poleni sana. Nianze na hilo la kisu maana ndo linalowachelewesha. Kama uvimbe huo umetoka kisiginoni basi ulishasafiri wenyewe zamani kwa njia ya damu, haukungoja kisu, na melanoma ina tabia ya kwenda utumbo mwembamba halafu inakaa kimya hata miaka. Kuigundua ni shida kwa sababu kamera ya mdomoni inaishia mwanzoni mwa utumbo, ya njia ya haja kubwa inaishia mwishoni, huku katikati mita kadhaa hazijaonekana, ndo mgonjwa anapewa dawa za vidonda wee mpaka basi.

Utumbo uliojichomeka ukiachwa unaziba, unakosa damu, unaoza na kutoboka, na hapo tunaongelea siku sio miaka. Daktari atakata kipande chenye uvimbe pamoja na utando wake wenye mishipa na tezi, ataunga ncha mbili, ila kabla hajafunga lazima apapase utumbo wote kwa vidole, maana vimbe hizi mara nyingi haziwi moja. Damu inaacha kuvuja, mama anakula tena.

Sitakuficha, kama kuna nyingine kwenye mapafu, ini au ubongo operesheni peke yake haimalizi, ila zikitolewa zote wapo wanaoishi miaka. Baada ya hapo ulizeni hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, kuhusu dawa za kuamsha kinga kama nivolumab, bei yake ni kubwa mno kwahiyo ulizeni mapema. Na majibu ya maabara ya kile kisigino yatafuteni leo, mpeni daktari mpasuaji hata kama hajauliza.