Ngano nimeacha, mbona tumbo bado?

Nina ugonjwa wa seliaki. Tangu miezi mitatu iliyopita sigusi mkate wala chapati, lakini tumbo bado linajaa gesi na naharisha. Nakosea wapi? – Msomaji, Morogoro

Miezi mitatu bado ni mapema. Kwa mwenye seliaki, gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, huufanya mwili uharibu vijinyweleo vya utumbo mwembamba vinavyofyonza chakula, na kwa mtu mzima kupona huweza kuchukua mwaka, miwili au zaidi.

Ila mkate na chapati ni ngano inayoonekana. Unga wa ugali unasagisha wapi? Mashine iliyotoka kusaga ngano ya jirani itakupa sembe yenye ngano. Mihogo ya kukaanga haina gluteni, mpaka itumbukizwe kwenye mafuta yaliyokaanga maandazi asubuhi. Uji wa lishe wa pakiti mara nyingi huchanganywa ngano, sosi nyingi za soya pia zina ngano, na bia ya kawaida hutokana na shayiri. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni miligramu 20 za gluteni kwa kilo, zisizidi. Unga kidogo uliobaki mashineni unatosha kukipita. Tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa, au utwange nyumbani.

Chai ya maziwa inanichafua tumbo. Maziwa nayo yana gluteni? – Msomaji, Tanga

Hayana. Kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, hukaa kwenye vijinyweleo hivyo hivyo vilivyoharibika. Acha maziwa kwa wiki mbili uone. Mtindi wengi huuvumilia. Utumbo ukipona huenda ukairudia chai yako, ingawa watu wazima wengi wasiotoka jamii za wafugaji hupungukiwa na kimeng'enya hicho hata bila ugonjwa.

Sikupimwa, niliacha ngano mwenyewe. Nimepata nafuu kidogo, ila maharage na vitunguu bado vinanitesa. – Msomaji, Nakuru

Hapo nashuku gluteni inasingiziwa. Ngano ina fruktani, yaani sukari zinazochachuka utumboni na kuleta gesi, na fruktani zimo pia kwenye vitunguu maji na saumu. Maharage yana sukari za jamii hiyo. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo kabla ya kuchemsha. Na choo kipimwe: kimelea cha giardia, kinachoenezwa na maji machafu, huleta gesi na kuhara vilevile. (Kwetu kila tumbo huitwa taifodi, mtu akameza dozi akarudi alikotoka.)

Tatizo ni kwamba kipimo cha damu cha seliaki hutafuta kingamwili zinazotokea mtu anapokula gluteni. Ukiwa umeacha, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa upo. Mwambie daktari uliacha lini. Yeye ndiye aamue kama urudie ngano kwa wiki kadhaa kabla ya kupimwa.

Lini niache kuvumilia? – Msomaji, Dodoma

Ukiona damu chooni, ukikonda bila sababu, ukipata homa, au kuhara kukikuamsha usiku. Nenda hospitali wiki hii hii, na pakiti za vyakula unavyotumia uende nazo.