Hospitali inakataa kutoa faili la mama: je, ni lao au ni lake?

SWALI: Shikamoo bi. Mama yangu anatibiwa saratani ya matiti katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Mombasa tangu mwaka jana. Tumepata daktari mwingine Nairobi, naye anataka rekodi zote kabla ya kuendelea na dawa. Hospitali inasema faili ni mali yake. Imetupa muhtasari wa ukurasa mmoja, na nikitaka zaidi nilete amri ya mahakama. Karani mmoja amenidokeza kwamba nikimpa elfu tatu atanipigia picha kurasa zote kwa simu. Bado tuna deni la bili pia. Nifanyeje? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba. Hizo elfu tatu kaa nazo, nitazirudia.

“Faili ni mali ya hospitali.” Nimekaa katika ofisi za rekodi miaka 22 na maneno haya nimeyasikia kwa makarani, kwa matroni, hata kwa madaktari wenye mvi. Nusu yake ni kweli: karatasi, jalada na kabati ni vya hospitali, na nakala asili haitoki mlangoni. Linaloniudhi ni pale mtu anaporuka kutoka hapo hadi “kwa hiyo hupewi.” Leja ni ya benki, lakini hujasikia mteja akiambiwa alete amri ya mahakama ndipo aonyeshwe salio lake.

Mabishano haya ni ya zamani. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu ya Canada iliamua kwamba karatasi ni za daktari, ila mgonjwa ana haki ya kuona na kunakili yaliyomo, hata ripoti ambazo daktari huyo alizipata kwa madaktari wengine. Miaka minne baadaye mahakama ya juu kabisa ya Australia ikamkatalia mwanamke aliyeomba rekodi zake, na huko ikabidi watunga sheria waingilie. Jambo hili ukiliachia huruma ya daktari au bahati ya jaji, kila hospitali itajitungia jibu lake.

Kwetu Kenya limeshaandikwa. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mama yako haki ya kuzifikia data zake zilizo mikononi mwa hospitali. Kanuni za 2021 zimekwenda mbali zaidi: ombi lijibiwe ndani ya siku 7, tena bure. Kuna hata fomu yake, DPG 2. Hospitali ngapi zinayo fomu hiyo pale kaunta? Nimeingia katika nyingi nikakuta tangazo la kukataza simu, la kukataza chakula, la kukataza watoto wadogo wodini. La kumwambia mgonjwa jinsi ya kupata rekodi zake, sijaliona bado. Sera tunayo. Imekwama mahali fulani kati ya Nairobi na dirisha la karani, na wizara pamoja na kaunti zingeweza kuikwamua kwa bango moja la Kiswahili na afisa mmoja mwenye daftari la maombi.

Hiyo amri ya mahakama nayo imetoka wapi? Wamechanganya mambo. Mtu baki anayetaka kuchungulia faili la mama yako, huyo ndiye wa kuulizwa kibali. Siri ya mgonjwa iliwekwa imlinde yeye dhidi ya wengine, na sasa inageuzwa kuwa kufuli la kumfungia nje mwenye siri.

Ila angalia: mgonjwa ni mama, wewe ni mwanawe. Kifungu cha 27 kinaruhusu haki hii itumiwe na mtu aliyeidhinishwa, kwa hiyo mama atie saini barua ya kukupa idhini, uambatanishe na nakala za vitambulisho vyenu wote wawili. Ukienda mikono mitupu ukidai “ni mamangu,” karani akikukatalia yuko sahihi. Kuhusu deni, kanuni haikusema “baada ya kulipa bili.” Hospitali inaweza kudai pesa zake kwa njia za kawaida za kudai deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikwisha kusema kuwazuilia wagonjwa kwa ajili ya bili ni kuvunja haki zao. Karatasi nazo zisifanywe rehani.

Usiombe “faili” tu, maana watakupa muhtasari ule ule. Taja unachotaka. Ripoti kamili ya pathologia, yaani uchunguzi wa maabara wa nyama ya uvimbe, pamoja na majibu ya vipokezi vya homoni na HER2, vipimo vinavyoonyesha dawa zipi zitaufaa uvimbe huo. Ripoti ya upasuaji, kama ulifanyika. Picha za CT katika CD au flashi, kwa sababu picha ya picha iliyopigwa kwa simu haimfai mtaalamu. Zaidi ya yote, chati za dawa za saratani: jina la kila dawa, kipimo kwa miligramu, tarehe ya kila mzunguko. Dawa kama doxorubicin ina kiwango ambacho mtu hatakiwi kukipita maisha yake yote, kwa sababu inaweza kudhuru moyo. Daktari wa Nairobi asipojua mama ameshapata kiasi gani, ama atabahatisha ama atamnyima dawa ambayo bado angeweza kuipata. Muhtasari wenu wa ukurasa mmoja bila shaka umeandika “alipewa kemotherapi,” basi. Muulize pia daktari wa Nairobi kama atahitaji kile kipande cha nyama ya uvimbe kilichohifadhiwa kwenye nta maabara. Hicho hakiombwi kwa fomu hii. Wataalamu wa pathologia wenyewe huandikiana.

Sasa karani wako. Niliwahi kuletewa “faili” la namna hiyo: picha 31 kwenye simu, nyingine zimekatwa pembeni, kurasa za dawa hazipo, na mbili zilikuwa za mgonjwa mwingine kabisa mwenye jina la ukoo lile lile. Kundi la damu lilikuwa la huyo mwingine. Na isitoshe, kifungu cha 72 cha sheria ile ile ya data kinamwona na hatia anayepata data bila idhini ya anayeihifadhi. Una haki ya kuingia kwa mlango wa mbele, halafu ulipe uingie kwa dirisha?

Anayeuza rekodi za mama yako kwako atamuuzia na jirani. Soko hili halijaishia kwa makarani. Kuna vikundi vya WhatsApp ambamo mtu asiyejulikana alisomea wapi anaandika “nitumie ripoti nikusomee,” na watu wanamtumia, jina na namba ya kitambulisho vikionekana juu kabisa. Wiki moja baadaye anakuja muuza mizizi anayejua saratani iko hatua ya ngapi na jina la daktari anayewatibu, na familia inasema ameona kwa karama. Karama gani? Amesoma ripoti yenu! Wengine wanapakia kila kitu kwenye programu ya bure waliyoiona kwenye tangazo, hawajui seva ziko nchi gani. Watu hao hao ndio wanaoniambia fomu ya hospitali ina usumbufu.

Kwa hiyo Jumatatu peleka nakala mbili za fomu, upigiwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kwenye ile utakayobaki nayo. Siku 7 zinahesabiwa kutoka hapo. Wakikataa, waombe waandike sababu kwenye karatasi yenye nembo yao. Nimeona wengi wakibadili msimamo wakifika hapo. Wakinyamaza, lalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data na uambatanishe nakala yenye muhuri. Ofisi hiyo ina siku 90 kumaliza lalamiko, na mzunguko wa dawa wa mama hautangoja siku 90, kwa hiyo leo hii mwombe daktari wa Nairobi ampigie simu mwenzake wa Mombasa kuhusu zile chati za dawa.