Jibu: Kwa nini neno "paranoidi" limeondoka kwenye cheti cha kakako

Dada, umeuliza kwa nini daktari wa kwanza aliandika "skizofrenia ya paranoidi" (ugonjwa wa akili wa kusikia sauti zisizokuwepo au kuwa na imani potofu, hasa ya kuandamwa) na wa sasa ameandika "skizofrenia" tu. Pole sana kwa mzigo huo. Hawapingani. Zile aina za kale za skizofrenia, paranoidi, katatonia (mwili kuganda) na nyinginezo, ziliondolewa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013, maana mgonjwa yuleyule angeonyesha aina hii leo na nyingine baadaye.

Muda pia hupimwa. Kwa mwongozo huo, dalili zikiisha kabla ya mwezi 1 ni saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia) ya muda mfupi; skizofrenia huhitaji angalau miezi 6.

Skizoafektivu, ugonjwa unaochanganya dalili za skizofrenia na za hisia, ndiyo huwachanganya wengi. Mtu hupatwa na vipindi vya huzuni nzito au msisimko uliopitiliza, lakini sauti au imani potofu humwandama hata hisia zikiwa zimetulia, wiki 2 au zaidi. Ukimpeleka kakako kliniki pale Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, beba daftari lenye tarehe: sauti zilianza lini, alikosa usingizi lini, alivuta bangi lini. Bangi na malaria iliyopanda kichwani pia huleta saikosisi. Mamangu alieleweka kwa daftari kama hilo.