Fundi wa bei ndogo amepunguza nini?

Swali: Ndugu wahariri, kiwanja changu kiko mteremkoni huku Kadutu, Bukavu. Nataka nyumba yenye nguzo 12 za beto (zege), na chini yake ukuta wa mawe wa mita 3 wa kuzuia udongo. Mafundi watatu wameniletea devi, yaani makadirio ya gharama. Mmoja yuko chini ya wenzake kwa karibu theluthi, ila anadai nusu ya pesa kabla ya kuanza. Nimchukue?
*Mama wa Kadutu*

Jibu: Mama, usimchukue bado, wala usimfukuze. Wape wote watatu karatasi yenye vipimo vilevile, kila mmoja aandike idadi ya mifuko ya simenti, vyuma na unene wake, tripu za mchanga na kokoto. Hapo ndipo ile theluthi itajionyesha ilikotoka.

Nguzo unaweza kuzipigia hesabu mwenyewe. Nguzo ya sentimita 20 kwa 20, kimo mita 3, inameza beto mita za ujazo 0.12, zote 12 ni 1.44. Beto ya nguzo hutaka kilo 350 za simenti kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo unahitaji mifuko 10 ya kilo 50. Aliyeandika 6 ataongeza mchanga, na lipu itamfichia. Chuma nacho kipimwe kwenye mizani: cha milimita 12 chenye urefu wa mita 12 kina kilo 10.7, cha milimita 10 kina 7.4 tu. Vikishashika kutu, jicho haliwezi kuvitofautisha.

Lakini fundi wa Bukavu hupimwa kwenye ukuta wa mteremko. Kinachouangusha mara nyingi ni maji yaliyokwama nyuma yake. Ukuta wako unataka kitako cha angalau nusu ya kimo chake, yaani mita 1.5, upungue unene ukipanda, mabomba ya kutolea maji kila mita 1.5 hadi 2, na kokoto nyuma yake. Muulize kila mmoja: "Maji yatatokea wapi?" Anayejibu kwamba ataweka simenti nyingi maji yasipite, mwambie asante, aende zake. Kisha omba kuona ukuta aliojenga misimu miwili ya mvua iliyopita. Uende mvua ikikatika, na bila yeye, uongee na mwenye nyumba. Mabomba yanatiririka? Vizuri. Ukuta umetoa tumbo? Rudi nyumbani.

Uliza pia kama devi ina mkanda wa beto unaozunguka kuta zote juu. Tetemeko la Februari 2008 halijasahaulika hapa.

Nusu ya pesa, hapana. Nunua vifaa wewe, ufunguo wa stoo ukae kwako, fundi alipwe kazi kwa hatua: msingi, kuta, paa. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa za kwanza zipite. Yote yaandikwe, mashahidi wawili watie saini.

Swali: Kapita wetu, msimamizi wa mafundi, anasema kumwagilia beto iliyokwisha kushika ni kupoteza maji. Nasi maji tunanunua kwa bidoni!
*Msomaji wa Bagira*

Jibu: Anakosea. Beto haipati nguvu kwa kukauka; simenti inaendelea kuhitaji maji ili ishikane. Mwagilieni asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau. Kama bidoni ni ghali, zungusheni nguzo magunia yaliyolowa na kuyafunika kwa plastiki, maji yatatumika kidogo.