Lebo zilikatwa kwa wembe

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ukinunua nguo unaangalia saizi au raha ya mwili?", naona mmewalenga kina mama, maana picha mliyoweka ni ya gauni. Niruhusuni nijibu mimi, mzee wa Chumbageni, hapa Tanga. Na sitajibu hasa mlichouliza. Ninachotaka kujua ni kwa nini namba ile ya kwenye lebo inatuuma, na anayeiona ni wewe peke yako, tena mpaka uvue.

Mwaka niliostaafu nilikuwa mtu wa suruali saizi 34. Nilikuwa wa 34 tangu nina nywele kichwani. Nikaenda Ngamiani kwenye kibanda cha mitumba, belo limefunguliwa asubuhi hiyo, nikaanza kuchambua. Kila suruali nageuza kiuno natafuta lebo. Hamna. Zote zimekatwa, vimebaki vinyuzi tu.

"Kijana, lebo ziko wapi?"

"Shikamoo mzee. Nimezikata mwenyewe kwa wembe."

"Marahaba. Za nini kukata?"

"Wazee mnanisumbua. Mtu anaacha suruali imemkaa vizuri kwa ajili ya kikitambaa kama kucha."

Nikamwambia mimi 34. Kimya. Akachukua suruali ya kaki, akafunga kifungo, akaniambia nikunje mkono niuingize kiunoni. Ngumi ikagusa upande huu, kiwiko upande ule, sawasawa. Wazoefu wa mitumba mnaijua hiyo. Wengine huzungusha kiuno cha suruali shingoni. Nikalipa.

Suruali ile, jamani! Kwenye baiskeli haibani, nikirukuu haigomi, nikishiba wali wa nazi silegezi kifungo kwa kujificha. Mwaka mzima naivaa, najua ni 34.

Ikatoboka mfuko, nikaipeleka kwa fundi. Yeye, bila kuulizwa, akanyoosha futi kiunoni. "Thelathini na nane hii, baba." Na kwenye benchi wamekaa wateja wawili! Nikamwambia umekosea, rudia. Akarudia. 38. Nikarudi nayo nyumbani, suruali ileile, tumbo lilelile, na wiki mbili sikuigusa. Mke wangu akauliza imefanyaje, nikamwambia imepauka.

Baadaye nikaazima futi, nikapima suruali zangu za zamani, zote zimeandikwa 34. Moja ilikuwa 35, nyingine 36 na nusu. Yenye 34 ya kweli sikuipata, na hizo eti ni inchi! Sembuse magauni: 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya, na yote yanatundikwa kamba moja pale kibandani. Mke wangu kashindwa nayo siku nyingi, yeye na dera lake tu.

Halafu kuna kanzu. Yangu ni 58, inchi toka begani hadi chini, na dukani naitaja kwa sauti wote wasikie. Urefu, bwana. Kiuno naomba kwa kunong'ona. Na futi ni ileile.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema lebo zikatwe zote, kama alivyofanya yule kijana. Sasa nasita. Mwanangu yuko Dar, huninunulia nguo huko na kuzituma kwa basi. Nimwambie nini, ngumi na kiwiko? Kwa hiyo, ndiyo, lebo naiangalia, tena kwanza, ingawa siiamini, na kama nguo iko mbele yako usihangaike na lebo. Mwezi uliopita aliniuliza saizi. Nikaandika 38, nikafuta, nikatuma 36.

Imefika Jumamosi. Imeandikwa 36 na imenikaa vizuri kabisa. Imezidi urefu kidogo, lakini kwa fundi siipeleki, nimekunja miguuni.