Picha ya jahazi: yangu au ya hoteli?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mpiga picha hapa Mombasa. Mwaka juzi hoteli moja ya Lamu iliniita niwapigie picha za broshua. Bei tulipatana kwa simu, hatukuandikiana. Sasa picha moja, ya jahazi likipita Shela jua likizama, iko kwenye kalenda inayouzwa Ujerumani, na binamu yangu ameiona kwenye fulana huko Marekani. Jina langu halipo. Hoteli wanaapa hawakumpa mtu. Nishitaki hapa?

JAWABU: Marahaba mwanangu. Kalenda iache kwanza, turudi kwenye ile simu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 31, inasema hakimiliki ya kazi ya kuagizwa huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, ila kama mlipatana vinginevyo. Nami najua hamkupatana, kwa hiyo hapa Kenya picha ni ya hoteli. Wapiga picha na wateja huzungumza nauli ya boti na chakula cha mchana, basi. Marehemu babangu alikuwa na studio Makadara, negativu za harusi alizifungia kabatini, na bwana harusi akizidai huambiwa, "Picha zako, negativu zangu." Sheria hakuisoma, lakini aliielewa biashara.

Ungekuwa London, picha ingekuwa yako: tangu 1 Agosti 1989 ni ya mpiga picha hata kama amelipwa. India, mpaka leo, ni ya aliyelipa. Na usidhani ni mambo ya mbali. Panda boti Dar es Salaam ushuke Unguja, umeshabadilisha sheria, kwani Zanzibar ina yake ya 2003 na Bara wana ya 1999.

Mkataba wa Berne wa 1886, wa mataifa kulindiana hakimiliki, ambao Kenya iliingia 1993, unakulinda Ujerumani na Marekani bila kusajili chochote. Lakini unalindwa kwa sheria ya kule ulikoibiwa, kwa hiyo kalenda iliyochapwa na kuuzwa Ujerumani idai huko huko.

Na huko una bahati. Mahakama za Ujerumani hutumia sheria yao hata katika kumtafuta mwenye kazi, na kwao hakimiliki haimtoki aliyeitunga kazi angali hai. Anachoweza kutoa ni ruhusa ya kuitumia. Jina lako pia ni haki yako. Kwa safari ya Ujerumani, kifungu chetu cha 31 kinaishia uwanja wa ndege.

Fulana ndiyo ngumu. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko New York, katika kesi ya magazeti ya Kirusi, iliamua kwamba mwenye kazi atafutwe kwa sheria ya nchi ilikotoka. Jaji wa Marekani atafungua sheria ya Kenya na kuikuta hoteli. Waombe hoteli wakuandikie barua, waitie sahihi, wakurudishie hakimiliki ya picha hiyo pamoja na madai ya nyuma. Usikawie, maana Marekani kesi hizi hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Faili lililotoka kwenye kamera usilifute. Ile meseji ya M-Pesa ya malipo yako pia itunze, ingawa ndiyo hiyo hiyo hoteli watakayoitoa kuonyesha kwamba waliagiza. Na mtafute mtu Ujerumani akununulie kalenda moja, akuletee na risiti, kabla mwaka haujaisha zikaondolewa madukani.